Sasipensheni ya Corolla: napanga kwa bolti

Corolla yangu ni ya mwaka 1998, ile yenye bodi ya E110, na sasipensheni yake imechoka mbele na nyuma. Nimeamua kuifumua yote nyumbani kwa mkono wangu. Spana bado ziko kwenye boksi. Kwa sasa kazi yote iko kwenye daftari, na kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoamini kwamba sehemu hii ya kuandika ndiyo yenye uzito. Kufungua bolti, mtu yeyote mwenye nguvu na subira ataweza. Kujua bolti ipi ifunguliwe pamoja na ipi, na ifungwe gari likiwa katika hali gani, hapo ndipo gari linapotulia, au ndipo unapojikuta chini yake tena baada ya miezi michache.

Wengi hupanga kazi hii kwa orodha ya spea: shokapu, bushi, bolijointi, tairodi (ufito wa usukani unaogeuza gurudumu), stabilaiza (ufito unaounganisha pande mbili ili gari lisilale sana kwenye kona). Mimi nimeipanga kwa bolti. Kwa kila bolti nimejiuliza: nikiifungua hii, ni vitu gani vingine vinabaki wazi? Vyote vinavyobaki wazi nimeviweka katika siku moja. Ukipanga hivyo unaona mara moja kwamba kubadilisha shokapu leo na mauntingi yake, kile kiungo cha juu kinachoishika kwenye bodi, mwezi ujao ni kuifanya kazi ileile mara mbili, kwa sababu mauntingi haitoki mpaka shokapu na springi vitoke navyo. Alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, nayo ingepimwa mara mbili.

Niseme kwanza kila kitu kina kazi gani, maana spea nyingi hununuliwa bure kwa kutojua hili. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Ndani yake kuna mafuta yanayosukumwa kupita kwenye vali ndogondogo, na nguvu ya mtikisiko inaishia kuwa joto. Kwa hiyo gari likiinama upande mmoja, usitegemee shokapu mpya zilinyanyue. Hapo springi imelegea, au pindi lake la mwisho limekatika, na pindi hilo limejificha ndani ya kikombe chake kiasi kwamba usipopitisha kidole hulioni. Zipo shokapu za gesi zinazoinua gari, lakini ni kwa kiasi kidogo sana. Gari likikaa sawa halafu likivuka tuta likaendelea kupanda na kushuka, basi springi haina kosa. Shokapu ndiyo imekwisha. Bushi ni mpira unaoishika amu, ule mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na bodi, isiyumbe mbele na nyuma huku ukiiacha ipande na kushuka. Bolijointi ni kama bega la mtu: inaliruhusu gurudumu lipande, lishuke na likate kona kwa wakati mmoja.

Mbele gari hili lina strati za MacPherson, mpangilio uliobeba jina la Earle MacPherson, injinia wa Marekani aliyeubuni miaka ya 1940. Uzuri wake ni uchache wa vyuma. Shokapu na springi ni nguzo moja; juu nguzo hiyo imefungwa kwenye bodi kupitia mauntingi kwa nati tatu unazoziona ukifungua boneti, chini imefungwa kwa bolti mbili nene kwenye chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu), na chini yake kuna amu moja tu. Uchache huo ndio unaoifanya kazi hii iwezekane bila gereji. Nyuma pia kuna strati, ila pale pa amu moja kuna fito mbili zinazokwenda pembeni na moja inayokwenda mbele, kila upande, na kila ncha ya ufito ina bushi. Ndiyo maana nyuma panachosha zaidi ingawa hapana usukani.

Uchunguzi nilianza na utepe wa kupimia na chaki, bila jeki. Nililiegesha gari mahali palipo sawa kabisa, upepo wa matairi yote ukiwa kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, nikalisukuma mbele na nyuma kidogo ili likae linavyokaa likitembea. Kisha nikapima kila kona: kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Usipime kutoka chini ardhini, maana tairi lililolika au lenye upepo mdogo litakudanganya. Ukipima kutoka kwenye habu, tairi halimo kwenye hesabu. Mbele pande zote mbili zilikuwa sawa. Nyuma kushoto ilikuwa chini kuliko kulia kwa milimita 14. Hapohapo springi za nyuma zikaingia kwenye orodha, zote mbili, kwa sababu springi hubadilishwa kwa jozi, na shokapu vilevile. Ukiweka mpya upande mmoja tu, gari litakuwa na tabia mbili, na utalijua hilo siku utakayofunga breki za ghafla kwenye kona.

Vile vipimo vya kona nne nimeviandika kwa wino, na nimevizungushia duara. Vitakuja kuwa na kazi kubwa wakati wa kufunga bushi, nitafika huko.

Kisha gari likapanda juu ya stendi, na uchunguzi wa kucheza ukaanza. Unashika gurudumu juu na chini, unalitikisa. Halafu kushoto na kulia. Likicheza kushoto na kulia tu, mtuhumiwa wa kwanza ni tairodi. Likicheza juu na chini, inaweza kuwa bolijointi au beringi ya gurudumu, na hapo unahitaji mtu wa pili. Mdogo wangu alikaa ndani akakanyaga breki huku mimi nikitikisa. Breki ikikanyagwa, diski na kalipa vinashikana, habu inakuwa kitu kimoja na chuma chake. Mchezo ukipotea hapo, ni beringi. Ukibaki, ni bolijointi. Kwangu ulibaki upande wa kulia. Kwenye strati za MacPherson bolijointi ya chini haibebi uzito wa gari, uzito unapanda kwenye strati, kwa hiyo inachunguzwa gurudumu likiwa linaning'inia, kwa kuingiza nondo chini ya amu na kuinua taratibu huku jicho likiwa kwenye kiungo chenyewe.

Mauntingi za juu tulizisikia badala ya kuziona. Gari likiwa chini, unaweka kiganja kwenye springi, mwenzako anazungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Springi inatakiwa izunguke polepole pamoja na gurudumu. Ikikwama halafu ikaruka kwa kishindo, beringi iliyo ndani ya mauntingi imekauka. Ya kulia iliruka. Ya kushoto ilikuwa inasaga tu, lakini haitakuwa na umri mrefu, na kwa kuwa strati yake inatoka hata hivyo, inabadilishwa.

Bushi ndizo zilizonisikitisha. Niliingiza nondo kati ya amu ya kulia na bodi nikaisukuma kidogo tu, na ile bushi kubwa ya nyuma ikafunguka mpasuko uliozunguka karibu nusu ya mpira. Bomba la chuma la ndani lilikuwa linaonekana, limeng'aa upande mmoja pale linapogonga. Hiyo ndiyo maana ya kile kishindo kimoja kizito nilichokuwa nakisikia kila nikifunga breki, na ya usukani kuvuta kidogo kulia kisha kurudi. Zile kelele za kogokogo kwenye vijiwe vidogo ni kitu kingine, ni linki za stabilaiza, vile vijiti vifupi vinavyoiunganisha na gurudumu. Sauti hizi mbili watu huzichanganya, na ukizichanganya utabadilisha kitu kisicho na kosa. Linki hupiga kelele kwenye vijishimo vidogo vinavyokuja haraka haraka, hasa vya upande mmoja. Bushi ya amu hunyamaza mpaka gari livutwe mbele au nyuma, yaani kwenye breki, kwenye gia ya kwanza, na kwenye kurudi nyuma.

Na shokapu zenyewe? Lile jaribio la kuegemea boneti na kuhesabu gari limedunda mara ngapi siliamini sana. Shokapu iliyokufa kabisa itaonekana, iliyokufa nusu haitaonekana. Naamini zaidi mambo mawili: mafuta na tairi. Unyevunyevu mwepesi karibu na mdomo wa shokapu hauna neno. Mafuta yaliyotiririka mpaka chini, yakashika vumbi likawa tope, ni sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) iliyokufa. Na tairi lililolika mabonde mabonde kuzunguka, ukilipapasa kwa kiganja linapanda na kushuka, limekuwa likirukaruka barabarani, na shokapu haikulishika. Nyuma nina vyote viwili.

Baada ya hapo ndipo daftari likapata kurasa zake. Ukurasa wa mbele umegawanyika kwa bolti, na unaanza na zile mbili nene za chini ya strati. Zikifunguka hizo pamoja na nati tatu za juu, strati nzima inatoka: hapo zinaingia shokapu, mauntingi na beringi yake, mpira wa kuzuia kugonga, kifuniko cha vumbi na mpira wa kukalia springi. Hivi vitatu vya mwisho ni vidogo na ndivyo vinavyosahaulika. Mpira wa kuzuia kugonga ukiwa umesagika, shokapu mpya itagonga mwisho wake chuma kwa chuma, na kifuniko kikichanika mchanga utaingia kwenye sili. Upande wa pili wa ukurasa ni nati ya bolijointi. Kwenye Corolla hii bolijointi imefungwa kwenye amu kwa bolti moja na nati mbili, haikugandamizwa ndani, na ncha yake inaingia kwenye chuma cha habu kwa nati yenye meno na kota pini. Ikitoka hiyo, amu iko huru, na bushi zake zote mbili. Linki ya stabilaiza inatakiwa ifunguliwe kabla ya hayo yote, maana ndiyo inayovuta gurudumu la upande wa pili.

Hapa kuna jambo ambalo ningemwomba kila mtu alitazame kabla ya kuagiza chochote: je, bolti ina njia ya kutoka? Bolti ndefu ya amu, ukiisha kulegeza nati yake, inahitaji nafasi ya kuchomoka. Kwenye baadhi ya magari ya injini ya kulala upande, kichwa cha bolti kinagonga giaboksi au fremu kikiwa bado nusu hakijatoka, na inabidi fremu ishushwe au injini inyanyuliwe kidogo. Huo ni mpango tofauti kabisa. Lala chini, pima kwa kipande cha fimbo chenye urefu wa bolti. Vilevile angalia jinsi paipu ya breki ilivyoshikwa kwenye strati. Magari mengine tundu lake limezibwa pande zote, paipu haitoki bila kufunguliwa, na hiyo maana yake ni mafuta ya breki na kutoa hewa, vitu vya kuandaliwa mapema.

Kuhusu spea, sitaki kuwa mrefu. Nimeagiza kwa namba ya chasisi wala si kwa jina la gari na mwaka, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa na springi za aina kadhaa kwa kufuata injini, giaboksi na mlango wa nyuma. Gari la zamani pia limepita mikononi mwa watu, kwa hiyo nimechungulia kama hakuna speisa zilizowekwa juu ya springi au springi zisizo zake. Tarehe ya kutengenezwa nimeitazama kwenye kila kitu chenye mpira, maana mpira huzeeka hata ukiwa kwenye boksi. Amu nimechukua nzima ikiwa na bushi zake ndani. Bushi peke yake zinahitaji presi, na kuzigonga kwa nyundo ndani ya amu ya zamani hupindisha bomba la nje. Na nimebaki kwenye bushi za mpira. Zile za poliyurethani ni ngumu na zinadumu, usukani unakuwa mkali, lakini kila kijiwe cha barabara kinakuja kukaa na wewe ndani. Gari hili linabeba wazee na watoto, nataka utulivu.

Kutu haina haraka, na mimi nimeamua kutokuwa na haraka nayo. Kila bolti ya orodha nimeisugua nyuzi zake zilizo wazi kwa brashi ya waya, nikainyunyizia mafuta ya kulainisha kutu, na narudia jioni nikipata nafasi. Brashi ni muhimu kuliko mafuta: ukinyunyizia juu ya uchafu, uchafu ndio unaokunywa mafuta yote. Halafu, nati ilegezwe bolti ikiwa imetulia, usizungushe bolti yenyewe kama ncha yake inapita ndani ya bushi. Bolti iliyoshikana na bomba la ndani la bushi itazunguka na mpira utajipinda na kurudi, utadhani unafungua kumbe unasokota. Ile ndefu ya nyuma inayopita fito zote mbili naitegemea inisumbue, kwa hiyo bolti mpya na nati mpya zimeshawekwa kwenye orodha, pamoja na visu vya msumeno wa chuma. Linki za stabilaiza za zamani nazo nitazikata tu, sitapoteza asubuhi nzima nikihangaika na nati inayozunguka na pini yake.

Sasa springi. Hapa natoka kwenye ushauri wa kawaida wa mtandaoni, ule wa kuibana mwenyewe nyumbani. Springi moja ya mbele ya gari hili hubeba karibu kilo 300 gari likiwa limesimama tu. Ndani ya strati imebanwa, na kitu kimoja tu kinachoizuia isifyatuke ni ile nati moja ya katikati juu ya mauntingi. Nati hiyo haiguswi mpaka springi iwe imebanwa na klempu mbili zinazotazamana, kila moja ikizungushwa kidogo kidogo kwa zamu, mpaka uone kikombe cha juu kinazunguka kwa mkono bila mzigo. Mashine ya upepo haitakiwi kwenye klempu, kichwa chako hakitakiwi mbele ya mhimili wa springi, na fimbo ya shokapu haishikwi kwa koleo hata kidogo, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye fimbo ndiyo mwisho wa sili. Najua kuzitumia hizo klempu. Lakini strati zikishatoka kwenye gari ni vitu vinavyobebeka, na iko gereji yenye mashine ya kubania springi iliyofungwa kwenye meza. Strati zangu zitakwenda huko, zitarudi zimeunganishwa. Kufanya kazi nyumbani hakunilazimishi kufanya kila kipande nyumbani, na hiki ndicho kipande kinachoweza kumvunja mtu taya.

Usalama mwingine nimeuandika juu ya kila ukurasa ili nisiutegemee kumbukumbu. Sakafu ngumu. Magurudumu yasiyoinuliwa yamewekewa vigingi. Nati za gurudumu zinalegezwa gari likiwa bado chini. Jeki inainua, stendi zinabeba, na hakuna kiungo cha mwili kinachoingia chini kabla gari halijatikiswa juu ya stendi. Gurudumu lililotolewa linalazwa chini ya kizingiti cha mlango. Kalipa inafungwa kwa waya kwenye bodi, haiachwi ikining'inia kwa paipu. Na ile strati ikitoka, chuma cha habu kinataka kuinama nje; kikiachwa, kinavuta shafti na kinaweza kuitoa sivi jointi ya ndani (kiungo cha shafti hiyo) mahali pake. Waya mwingine hapo.

Bolijointi ya zamani nitaitoa kwa nyundo, kwa kupiga ubavu wa jicho la chuma cha habu, pale ncha yake inapoingia. Mapigo mawili matatu thabiti hulishtua jicho na ncha ikaachia. Ile uma ya kugongea katikati huchana mpira wa bolijointi, kwa hiyo inafaa kwa kitu unachokitupa tu. Kwa tairodi ninayotaka kuibakiza, hapana. Wakati wa kufunga, nati yenye meno inakazwa kwa kipimo, na tundu la kota pini lisipolingana unaongeza kukaza mpaka lilingane. Huirudishi nyuma.

Nafika kwenye vile vipimo vya kona nne. Bushi ya mpira si beringi. Bomba lake la ndani linabanwa na bolti mpaka linakuwa sehemu ya bodi, bomba la nje limeshikana na amu, na amu ikipanda au kushuka ni mpira ule unaojinyonga katikati na kujirudisha. Maana yake ni kwamba mpira una hali moja ya kupumzika, ile uliyokuwa nayo dakika ulipokaza bolti. Ukikaza gari likiwa juu ya stendi na gurudumu likining'inia, umeuambia mpira kwamba kuning'inia ndiko kupumzika. Ukishusha gari, unajinyonga, na utabaki umejinyonga mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila shimo linaongeza juu ya hapo. Bushi mpya kabisa, ya asili, hupasuka kwa njia hiyo kabla ya wakati wake, na aliyeifunga atasema spea ilikuwa feki. Mara nyingi spea haikuwa na kosa.

Kwa hiyo bolti zote za bushi, mbele na nyuma, zitaingizwa na kukazwa kwa mkono tu, kiasi cha kutocheza. Kisha nitaweka jeki chini ya amu, karibu na bolijointi, niinue taratibu huku utepe ukiwa umeshikwa kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, mpaka namba ya kona ile irudi. Hapo ndipo nakaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Lazima uchunge kitu kimoja: bodi isinyanyuke kutoka kwenye stendi wakati unainua amu, ikianza kunyanyuka, acha, shusha, ongeza uzito ndani ya gari upande huo. Nyuma kushoto, ambako springi ilikuwa imelegea, sitatumia namba yake ya zamani. Nitafunga kwanza springi mpya, nishushe gari, nilisukume litulie, nipime upya pande zote mbili. Linki za stabilaiza nazo zinakazwa magurudumu ya pande zote mbili yakiwa kimo kimoja, vinginevyo ufito wa stabilaiza wenyewe unakuwa tayari umejipinda kabla gari halijatembea.

Viwango vya kukazia vyote nimevitoa kwenye kitabu cha gari, bolti kwa bolti, na nimeviandika pembeni ya kila mstari. Vya gurudumu ni Nm 103. Vingine sitavitaja hapa, kwa sababu vinabadilika kwa modeli hata ndani ya Corolla zenyewe, na bolti ya amu si mahali pa kuazima namba ya jirani.

Nimeanza na mbele katika ratiba, kisha nyuma, na kati ya hizo mbili gari litaweza kutembea. Hilo nililitaka makusudi: kila siku ya kazi inamalizika gari likiwa juu ya magurudumu manne, kila kitu kimekazwa kwa kipimo. Kama bolti ya upande wa kushoto itagoma, upande wa kulia hautakuwa umefunguliwa unaningojea. Upande mmoja unafumuliwa, wa pili unabaki mzima kama picha ya kutazamia.

Alaimenti ni moja tu, mwisho kabisa, baada ya nyuma kumalizika. Lakini gari linatakiwa lifike kwenye mashine ya alaimenti bila kula matairi njiani. Zile bolti mbili za chini ya strati zina nafasi kidogo ndani ya matundu yake, na nafasi hiyo inatosha kulaza gurudumu ndani au nje. Kabla ya kufungua nitapiga mstari wa rangi nyeupe kuzunguka vichwa vyake na kwenye ukingo wa strati, na strati mpya nitaisukuma ikae upande uleule. Tairodi nitaipiga alama kwenye nyuzi. Nyuma kuna bolti ya kurekebishia yenye kichwa cha duara kisicholingana, na hiyo nimeshaipiga picha na kuitia alama. Kisha uzi uliovutwa sambamba na gari kila upande, na rula, vitanionyesha kama magurudumu ya mbele yanatazamana vibaya mno. Vinatosha kwa safari fupi ya polepole.

Spea za mbele zimeshafika zote isipokuwa mauntingi ya kulia. Ikifika, strati ya upande mmoja inakwenda gereji, amu yake inaingia, kisha upande wa pili unafuata, na toki renchi nitaitoa kwenye boksi mwisho kabisa, jeki ikiwa chini ya amu na utepe ukiwa umesoma namba yake.